Rejeta Iliyolala kwa Baba Mkubwa

Mwezi uliopita nilishuka Rumonge kwenye kuganduka kwa baba mkubwa. Kama wewe si mtu wa kwetu, nikueleze kidogo. Kuganduka ni siku ya kumaliza kilio kabisa. Mjane anavua msiba, ndugu wanakunywa pamoja, na vitu vya marehemu vinatolewa vilikokuwa vimewekwa, vinakabidhiwa wenyewe. Kabla ya siku hiyo havigawanywi. Watoto wa baba mkubwa walimaliza kilio cha baba yao majuma machache tu baada ya kumzika, maana mmoja alikuwa na ndege ya kuwahi na mwingine alishapata mpangaji wa nyumba. Hakuna mtu aliyenung'unika. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, brosheti za nyama zikachomwa, na mchana kijana mwenye kipaza sauti akanifuata nilipokaa.

"Dada, na wewe ulikuwa mutoto wake," akasema. "Sema maneno mawili juu ya muzee."

Nikasimama. Nikasema, "Alikuwa mtu wa kutunza vitu." Watu wakapiga makofi, nikakaa. Walidhani machozi ndiyo yamenikata maneno. Ilikuwa hasira. Nimerudi nayo mpaka nyumbani, nimelala nayo, nimeamka nayo, na sasa nakusimulia wewe yale ambayo sikuyasema pale, kwa sababu nisipoyasema nitapasuka.

Baba mkubwa alikuwa kaka yake baba yangu. Baba alipofariki, yeye ndiye akawa mwenye sauti juu yetu: juu ya mama, bibi, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Tulikuwa tumerudi Burundi kutoka ukimbizini Kigoma si muda mrefu. Wenzetu walirudi na magodoro na masufuria. Sisi tulirudi na magodoro, masufuria na pikapu. Baba aliinunua ikiwa imechoka kabisa, akaifufua kipande kimoja kimoja, hiki cha gari hili, kile cha gari lile. Hata rejeta haikuwa yake. Ilitoka kwenye gari jingine, kubwa zaidi, lililokwisha kufa; ilikuwa ya shaba tupu, nzito, na baba alilazimika kukata vyuma vya mbele ili ipate kukaa. Sisi tuliita rejeta, wenyeji wa Rumonge waliita radiatere, kwa Kifaransa chao. Jina lolote utakalolipa, kazi ni moja: kupooza maji yanayozunguka kwenye injini. Ukiitoa, gari linachemka kabla hujafika hata sokoni.

Mama alijua kuendesha. Baba alimfundisha kule Kigoma, na nasikia alimfundisha kwa makelele mengi, lakini alimfundisha vizuri. Baba alipokufa, mama alikaa matanga mpaka waombolezaji wa mbali wakaondoka, akapumzika kidogo, halafu akachukua ufunguo. Kila juma alipakia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu waliokaushwa, na madumu ya mawese, akapanda navyo Bujumbura. Siku zisizo za shule nilikwenda naye. Bado naisikia harufu ya gari lile, ndagala na petroli na jasho la mama. Mikono yake ilikuwa mifupi, ikabidi akae mbele kabisa ya kiti, kifua karibu na usukani. Na alikuwa anapiga mluzi. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, ni mwiko, ataita mkosi nyumbani. Mama alipiga mluzi kuanzia Rumonge mpaka Kabezi, na vioo vikiwa wazi.

Siku ya ajali tulikuwa tunarudi. Mvua ilikuwa imenyesha, na pale Gitaza mawe yalikuwa yameporomoka kutoka mlimani yakakaa katikati ya barabara. Mbele yetu lilikuwa lori la miti ya mikaratusi. Likafunga breki ghafla. Mama naye akafunga, pikapu ikateleza kidogo, ikasimama. Ungesema tumepona. Ila mti mmoja ulikuwa umechomoza nyuma ya lori kuliko mingine, na ule ndio ulioingia kwenye pua ya gari letu, polepole, bila hata kishindo kikubwa. Tukasikia maji yanamwagika. Moshi mweupe ukatufunika, nami nikaanza kulia nikidhani tunaungua.

Mama alishuka, akafungua boneti, akatazama. Wanawake waliokuwa wanageuza ndagala juani kwenye mchanga wakapanda barabarani, mikono imejaa magamba.

"Amahoro, mama. Munaumia?" mmoja akauliza.

"Amahoro. Sisi wazima. Nani ana sabuni?"

Wakacheka, wakadhani anataka kunawa. Lakini sabuni ile tunayopika Rumonge kwa mawese haikosi kwenye nyumba yoyote ya pwani hiyo, na kipande kikaletwa. Mama akakifikicha na maji kidogo mpaka kikawa kama ugali mgumu, akachanganya na nyuzi alizochambua kwenye gunia, akaanza kuziba. Alikandika kidole kwa kidole, midomo ameibana. Wanawake wakashuka ziwani na mabeseni yao ya samaki wakatuletea maji, na mpaka leo naamini tulimimina ndagala wawili watatu ndani ya rejeta ile. Wakaniweka nyuma kwenye bodi, nimezungukwa na madumu yaliyojaa.

Basi tukaenda hivyo. Mwendo wa kutambaa, mshale wa moto ukipanda mama anasimama, ananiambia "leta," nashusha dumu, anangoja ipoe, anamimina, anabandika sabuni upya, tunaondoka. Kila mto tulijaza tena. Magara tulisimama, Minago tulisimama, na vijana wa barabarani wakatutania kwamba gari letu lina kiu kuliko mlevi. Mama akawajibu kwamba angalau lenyewe linakunywa maji. Tuliingia Rumonge jua limeelekea milima ya Kongo, matope mpaka magotini, mama anapiga mluzi. Sijawahi kufurahi katika maisha yangu kama siku ile gari letu lilipoharibika.

Kesho yake tukapeleka rejeta kwa fundi. Alikuwa na kibanda chake chini karibu na bandari, mtu wa Uvira, mnene, mwenye kujisifu asubuhi mpaka jioni. Kwa maneno yake hakuna gari lililopita mwambao ule ambalo hakulifufua yeye. Aliigeuza rejeta, akaipiga kwa kucha, akasema, "Hii radiatere iko mugonjwa sana, lakini mimi njo daktari." Akaichemsha kwenye pipa lililokatwa, maji na magadi, sabuni yote ya mama ikatoka povu. Halafu akaziba midomo ya rejeta kwa vipande vya tyubu, akamwomba mama ashike pampu ya baiskeli, naye akaizamisha kwenye maji. Mama akapiga pampu. Pale penye tundu mapovu yakapanda. Fundi akaweka alama kwa msumari, akapanguza, akakwangua mpaka shaba ikang'aa, akapaka tindikali iliyotoa moshi wa kukereketa koo, kisha akatoa kwenye makaa chuma cha kulehemu na kuyeyusha risasi juu ya kidonda. Risasi ikakimbia, ikakaa. Mirija miwili ilikuwa imepondeka mno, akaifunga huku na huku. "Hizi mbili tunazika," akasema, "lakini zingine zitafanya kazi yao."

Akazamisha tena. Yeye akasema imekwisha, mama akasema bado, kuna povu moja dogo kwenye kona ya chini. Wakabishana. Fundi akainama mpaka ndevu zikagusa maji, akaliona, akanuna, akalehemu. Akatuambia turudi kesho kutwa aipake rangi kidogo.

Tuliporudi haikuwepo. Fundi alikuwa anakunywa chai, akatujibu bila kuinuka. "Muzee amekuja. Amesema iko ya familia, ataitunza."

Mama hakuuliza mzee gani. Tukapanda kwa miguu mpaka kwa baba mkubwa, juu kwenye michikichi, alikokuwa na kinu chake cha kukamulia mawese. Alitupokea vizuri sana. Nataka ulijue hilo. Hakutukana, hakupandisha sauti, alituletea viti na ndizi za kuchoma. Rejeta ilikuwa saluni, yaani sebuleni kwake, juu ya meza, ameweka kitambaa chini yake.

"Shemeji," akasema, "hakuna mutu anakunyima kitu. Gari iko yenu. Lakini kilio hakijaisha. Watu wanasema muke wa marehemu anapita barabarani, ameshika gari, anapiga mluzi, na bado hatujaganduka. Mimi nitawajibu nini? Gari ipumzike kidogo. Hii nitaiweka mimi. Siku ya kuganduka nitakupa na mikono yangu mbili."

"Na ndagala?" mama akauliza.

"Ndagala zitapanda gari za watu."

Ona ujanja wake. Hakuchukua ufunguo na hakuchukua gari. Angechukua gari, watu wangemwita mnyang'anyi. Alichukua rejeta tu, kitu unachoweza kukibeba begani, na kwa kufanya hivyo gari zima likabaki uani kwetu bila kwenda popote, naye akaitwa mtunzaji. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama arudi kwenye usukani.

Sasa nikwambie alivyoitunza, maana hapo ndipo pananiuma. Rumonge tunaishi kwa mawese. Tunapikia mawese, tunapika sabuni ya mawese, tunapaka panga lisishike kutu, bawaba zisilie, ngozi ya mtoto aliyezaliwa, magoti ya bibi. Kila kinachokauka au kuzeeka dawa yake tunaijua. Kwa hiyo baba mkubwa, kwa akili ileile ya kila mtu wa pale, alisema chuma kikilala bila mafuta kitaoza, akaijaza rejeta mawese. Akaijaza mpaka shingoni, mawese ya kwanza kukamuliwa, yale mekundu ambayo hata kwenye harusi watu wanayaonjaonja tu. Midomo akaiziba kwa magunzi ya mahindi yaliyofungwa majani ya mgomba. Akaisimamisha juu ya matofali mawili kwenye kona ya saluni, akaivika kitenge. Mafuta yakipungua, anaongeza. Shaba ikififia nje, anaisugua kwa majivu na limau.

Kila Jumapili baada ya kanisa tulipita kumsalimu, kwa sababu ilibidi. Akija mgeni, baba mkubwa alifunua kitenge. "Mali ya marehemu mudogo wangu," alisema. "Naitunza kama jicho." Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikaa pale na viatu vilivyotoboka, mdogo wangu anakohoa kwenye mapaja ya mama, nikaitazama rejeta inavyong'aa. Niliichukia kama mtu anavyomchukia mtoto mwingine anayependwa zaidi nyumbani. Hakuna hata Jumapili moja aliyotuuliza kikohozi kile kimeanza lini.

Mama akaanza kusimama barabarani na mabeseni. Basi ndogo za Bujumbura hazipendi ndagala, abiria wanalalamika harufu, na kondakta akiwaona wanawake wenye mabeseni anaangalia upande wa ziwa. Siku nyingine alirudi jioni na mzigo wote aliotoka nao, umeshalegea kwa umande na jua, tukala ndagala wa kubomoka juma zima. Pikapu ilikaa chini ya mwembe wa jirani ulioinamia uani. Kuku walihamia ndani. Mama aliwafukuza, akafuta vinyesi, akaosha vioo, akaingia na kukaa kidogo kwenye kiti chake, mlango wazi, mikono mapajani. Baadaye akaacha kuwafukuza. Tukawa tunaokota mayai kwenye kiti cha dereva.

Na kuganduka kukawa hakufiki. Mara ya kwanza tulimngoja shangazi aliyebaki Tanzania, hana nauli. Alipopata nauli, mavuno yalikuwa mabaya, huwezi kuwaita watu bila kinywaji. Mavuno yalipokuwa mazuri, akafa mtu wa ukoo upande wa Muhuta, na kilio kipya hukikanyagi kwa sherehe. Kila mwaka kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya heshima. Ningependa sana kukwambia kwamba baba mkubwa alikuwa anatudanganya. Alikuwa hadanganyi. Kila alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumjibu. Mimi nilikuwa nimeacha kuhesabu kwa vidole, naingia sekondari, nimekuwa mrefu kumpita mama.

Aliyelifungua jambo ni bibi. Mama wa baba, mama wa baba mkubwa, kizee mkavu aliyekuwa anakaa kwetu na ambaye kwa miaka yote ile hakusema neno. Jumapili moja tumekaa saluni, baba mkubwa anafunua kitenge kwa ajili ya mgeni, bibi akamwambia, "Mwanangu, mimi niko karibu kufa. Nikifa kabla ya kuganduka kwa mudogo wako, mutaanza kungoja upya. Na hiyo radiatere itakuzika na wewe."

Mgeni alikohoa. Baba mkubwa akafunika rejeta taratibu. Kabla ya mwezi kuisha siku ilipangwa.

Walikuja watu wengi. Pombe ya ndizi, wali, maharagwe, mbuzi wawili. Mama alivaa kitenge kipya, akasukwa, akapendeza mpaka nikaona aibu kumtazama. Wakati wa kukabidhi vitu ulipofika, baba mkubwa akaingia saluni, akatoka na rejeta mikononi kama mtu anayetoka na mtoto wa kubatizwa. Shaba iliwaka kwenye jua. Vigelegele vikapigwa. Akasema maneno marefu kuhusu ndugu yake, sauti ikamkatika kweli, akalia. Mama akapiga magoti kidogo, akaipokea kwa mikono miwili. "Murakoze cane," akasema. Asante sana. Uzito ukamvuta mbele, nikamshika kiwiko.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwa fundi, mama, mimi, na baba mkubwa aliyetaka kuona mwenyewe gari linavyowaka. Alikuwa na furaha kama sisi. Fundi akachomoa gunzi la kwanza, akainamisha. Hakikutoka kitu. Akatikisa, akachungulia, akaingiza kijiti. Kijiti kikarudi na uji mzito wa kahawia na kijani, unanuka kama kopo la mafuta lililosahaulika.

"Nani ameweka mamesa humu?" fundi akauliza. Mamesa ni mawese kwa lugha yao.

"Mimi," baba mkubwa akajibu kwa majivuno. "Tena ya kwanza, safi. Sikuweka ya sokoni."

Fundi akamtazama, kwa mara ya kwanza sikumsikia akijisifu. Akaichemsha na magadi, akachemsha tena, vikatoka vipande kama vya mshumaa. Akafungua tangi la juu kwa moto, akaanza kuzibua mirija kwa ufito bapa wa chuma. Kwenye mrija wa kwanza ufito ukapita, lakini ukatokea ubavuni, maana mawese yaliyochacha kwa miaka yalikuwa yameila shaba kwa ndani ikawa nyembamba kama ganda la yai. Wa pili vilevile. Alipoleta chuma cha moto kulehemu, risasi haikushika, ikadondoka matone matone chini kwenye mchanga. Alijaribu mpaka mchana. Mwishoni akaiweka chini akajifuta mikono.

"Imeoza ndani," akasema. "Nje iko nzuri, ndani haiko."

"Lakini niliitunza," baba mkubwa akasema. Alikuwa ananyoosha mikono kwetu kana kwamba tumwonyeshe alipokosea. "Mumeona wenyewe. Kila Jumapili."

Nilikuwa nangoja nione uso wa mwizi. Miaka yote nilijiandaa kuuona. Nikaona mtu mzima aliyechanganyikiwa, anakaribia kulia, na hapo ndipo hasira ilipokosa pa kwenda, ikanipanda kichwani. Nikamwambia mbele ya watu, "Ungeiacha kwenye gari, mama angekuwa anatembea nayo mpaka leo. Mafuta yako ungetupikia sisi."

Mama alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga, wala hakunipiga tena baada ya siku ile. Kisha akamgeukia baba mkubwa, akainamisha kichwa, akasema, "Shemeji, mtoto huyu hana adabu. Murakoze kwa kututunzia." Akamshukuru mara ya pili. Shavu lilipona jioni ileile. Shukrani ile bado inaniwaka.

Rejeta nyingine haikupatikana ya kukaa kwenye gari lile la viraka, na hata ingepatikana, injini ilikuwa imeganda na panya walishakula nyaya. Pikapu ikaondoka vipandevipande. Matairi yalikwenda kwenye mkokoteni. Boneti ikawa paa la banda la mbuzi. Kiti cha mbele, kile alichokuwa anakalia mama kifua karibu na usukani, kiliwekwa nje kwa baba mkubwa, na kwa miaka wanaume walikikalia jioni wakinywa bia na kuzungumza mambo ya ukoo. Mwezi uliopita nimekitafuta, hakipo.

Vingi havipo. Ziwa lilipopanda lilichukua mtaa wote wa chini, na pale kwa fundi sasa wanafunga mitumbwi kwenye nguzo ya umeme iliyoachwa majini. Rejeta za leo ni bati jepesi na plastiki. Nilipeleka yangu juzi kwa kijana wa gereji Bujumbura, akaitazama mara moja akaniambia, "Hii hairudi, mama, nunua ingine," akaitupa kwenye rundo. Hakuna tena wa kuzamisha kitu kwenye maji na kungoja povu. Hayo yote siyalilii sana. Vitu huisha.

Kinachonikera ni kingine. Mama siku hizi anakaa kwangu. Ni mzee mtulivu, anaomba ruhusa hata ya kufungua friji. Nikimwendesha mjini anakaa nyuma, mkoba mapajani, hasemi kitu mpaka tufike. Jumapili baada ya kuganduka, mdogo wangu alikuja kula. Yeye ni dereva wa taksi, mwanamume mwenye ndevu sasa, akaanza kulalamika kuhusu wanawake wanaoendesha barabara ya Rumonge, kwamba wanaogopa kona, wanamchelewesha. Nikamwambia barabara hiyo mama aliimaliza kabla yeye hajajua kutembea, akipakia ndagala na mawese, peke yake.

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akadhani ni utani. "Mama? Huyu mama yetu? Mama, ni kweli?"

Nikamtazama mama. Nilingoja. Alikuwa anatoa mifupa ya samaki kwenye sahani ya mjukuu wake, polepole, na hakuinua macho.

"Lilikuwa gari la baba yenu," akasema. "Mimi nilikuwa nakaa tu pembeni."

Mdogo wangu akageuka kunitazama, bado anacheka. "Umeona?" akasema, akaendelea kula.

Sikubishana. Fundi amekufa, bibi amekufa, baba mkubwa tumemgandukia juzi kwa vigelegele. Yule mwanamke aliyeendesha gari alikufa katikati yao, hakuna aliyemzika wala kumlilia, na aliyebaki wa kusema kwamba aliwahi kuwepo ni mimi tu.